Neno "run" la Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jioni nafundisha watu wazima Kiingereza, mchana natafsiri. Kwenye kazi zote mbili kuna neno moja la herufi tatu linalonirudia kuliko mengine yote. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kulihusu. Si lazima uyasome kwa mpangilio. Panapohitajika nimeonyesha jibu jingine la kuangalia.

## Mambo ya msingi

Si "run" maana yake ni kukimbia tu?

Ndiyo maana ya kwanza katika kamusi ya shule, na inatosha pale mtoto anapokimbia uwanjani. Shida huanza kwenye sentensi ya pili. "The tap is running", na bomba halina miguu. "The road runs along the coast", na barabara imelala palepale ilipojengwa.

Wanafunzi wangu nawaambia hivi: kabla ya kuhangaika na "run", tazama kwanza ni nini kina-run. Akiwa mtu au mnyama, anakimbia. Kikiwa kimiminika, kinatiririka, kinachuruzika au kinavuja. Mashine inafanya kazi. Duka linaendeshwa. Barabara inapita, na ile ya pwani inaambaa na bahari. Mkataba wa miaka miwili ("the lease runs for two years") unadumu. Kiswahili kina kitenzi chake kwa kila mmoja wao, Kiingereza kimewapa wote kimoja.

Lina maana ngapi hasa?

Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, alipolipitia upya alihesabu maana 645 za kitenzi peke yake, bila nomino. Kazi hiyo ilimchukua miezi tisa. Katika toleo la kwanza la kamusi hiyo, lililokamilika 1928, neno lililokula nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set". "Run" limelipita baadaye, na sababu mojawapo ni mashine: treni, injini, mitambo ya viwandani na kompyuta, kila kimoja kilikuja kikadai sehemu yake.

Usitishwe na idadi hiyo. Nyingi kati ya hizo 645 ni tofauti ndogondogo ambazo Mwingereza wa kawaida hajui hata kama zipo.

Kwa nini walibebeshe neno moja mzigo wote huo?

Tangu zamani halikuwa neno la miguu tu. Katika Kiingereza cha kale lilihusu pia maji kutiririka, na Wajerumani hadi leo wana ndugu zake wawili waliogawana kazi: "rennen" ni kukimbia, "rinnen" ni kutiririka. Waingereza waliviacha vyote viwili ndani ya chungu kimoja.

Halafu, kabla hatujawacheka, tujitazame. Muulize mgeni anayejifunza Kiswahili kuhusu "piga". Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga simu, tunapiga kura, tunapiga deki, tunapiga soga, na katika hayo yote hakuna aliyeumia. Mgeni anashika kichwa kama wewe unavyokishika mbele ya "run".

Ni "I have ran" au "I have run"?

"I have run." Maumbo ni run, ran, run: la kwanza na la tatu ni sawa, la katikati ndilo linalobadilika. "I have ran" utaisikia hata kwa wazawa wa lugha wakiongea, lakini kwenye mtihani au barua ya kazi itakuponza. "Runned" haipo. Na "running" ina n mbili.

## Maji, mwili na rangi

"Running water" ni maji yanayokimbia?

Hilo lilinikuta mimi mwenyewe. Kipeperushi changu cha kwanza cha afya niliandika "osha mikono kwa maji yanayokimbia". Mhariri akarudisha karatasi na swali moja pembeni: "Yanamkimbia nani?" Tangu siku hiyo naandika maji yanayotiririka, au "maji tiririka" kama matangazo ya afya yanavyosema.

Lakini ukisoma "the house has running water" kwenye tangazo la nyumba ya kupanga, hapo ni maji ya bomba. Hawakuambii kwamba yanatiririka saa hizi. Wanakuambia yameunganishwa mpaka ndani.

Je, "running stomach" ni Kiingereza sahihi?

Kwetu Afrika Mashariki, kila mtu anaelewa. Mwambie daktari wa Nairobi au wa Mwanza, ataandika dawa bila kuuliza. Ukivuka bahari, mambo yanabadilika. Nilimwambia muuguzi mmoja Uingereza nina "running stomach", akanitazama tumboni kana kwamba anasubiri lisogee.

Wao husema "diarrhoea" mbele ya daktari, "an upset stomach" mbele ya watu wa heshima, na "the runs" kwa mzaha kati ya marafiki. Hiyo ya mwisho usiipeleke hospitali, ingawa utaeleweka.

Kinachonifurahisha ni kwamba sisi tunasema tumbo la kuendesha. Ukisema "mtoto anaendesha" kwa Mtanzania, hakuulizi gari gani, anakuuliza kama umempa maji ya chumvi na sukari. Na "endesha" ndilo neno letu la "run" kwenye biashara na mitambo pia (tazama sehemu inayofuata). Lugha mbili zisizo na undugu zimeanzia kwenye mwendo, zikafika dukani, na zote mbili zikakatiza chooni.

Na mafua?

"My nose is running" ni sahihi popote. Tofauti iko kwenye jina la hali yenyewe: Uingereza na Marekani ni "a runny nose", kwetu wengi husema "running nose". Utaeleweka kwa vyote viwili. "He is running a temperature" ni kwamba ana homa, mwili unachemka. Hakimbii popote, yuko kitandani.

Nguo ikichuja nasemaje?

"The colour has run", au "the colours ran". Dukani waulize "Will it run?", yaani itachuja? Swali hilo limeokoa mashati mengi meupe yaliyokuwa yafuliwe beseni moja na kanga nyekundu mpya. Wanja ukilowa machozi ukachuruzika mashavuni nao "has run".

Soksi ndefu za wanawake zikifumuka uzi mmoja na kuacha mstari, Mmarekani anauita mstari ule "a run". Mwingereza anauita "a ladder", yaani ngazi.

## Kuendesha

Kwa nini "run a business" na si "drive a business", hali sisi tunaendesha duka na gari vilevile?

Kwa sababu kwa Mwingereza "drive" ni kuwa nyuma ya usukani, au kusukuma kitu kwa nguvu kiende mbele. Kusimamia kila siku, kufungua asubuhi, kulipa watu, kuhesabu jioni, ni "run". Mama mwenye mgahawa "runs a restaurant". Mwalimu mkuu "runs the school". Nimeona kwenye wasifu wa kazi watu wakijisifu "I was driving a hardware shop". Msomaji anabaki akijiuliza duka hilo lina magurudumu mangapi.

Basi "run a car" ni kuendesha gari?

Mtego huo! Si kuendesha. Mwingereza akikuambia "I can't afford to run a car", anamaanisha hamudu kuwa na gari: mafuta, bima, matengenezo na kodi zake. Kuendesha anaweza akajua vizuri kabisa. Na akisema "I'll run you home", hakutishii mbio. Anajitolea kukufikisha nyumbani kwa gari lake.

Gari, basi na kompyuta je?

"It runs on diesel": linatumia dizeli. "The engine is running": injini inanguruma, usiingize mkono. "The bus runs twice a day": basi linakwenda mara mbili kwa siku.

Kwenye kompyuta, kubofya "Run" ni kuiambia programu ianze kazi. Vitabu vya Kiswahili hutumia kuendesha au kutekeleza. Mafundi niliokaa nao husema "irani tuone", na sina ugomvi nao. Programu ikiwa tayari imefunguka, "it is running" ni inafanya kazi.

"Run an errand" ni kukimbia kwenda wapi?

Ni kutumwa, au kutoka kwenda kushughulikia vitu vidogovidogo: dukani, posta, kwa fundi. Mtoto aliyetumwa chumvi "is running an errand", hata kama amesimama njiani anatazama watu wakicheza bao.

## Siasa na fedha

Mgombea "runs", "stands" au "vies"?

Inategemea anagombea wapi. Mmarekani "runs for president". Mwingereza kwa mazoea "stands for Parliament", kana kwamba siasa za upande mmoja ni mbio na za upande mwingine ni kusimama foleni. Magazeti ya Kenya yanapenda sana "vie for", neno ambalo Mwingereza analijua ila hulitumia mara chache. Yote matatu ni kugombea. Angalizo: usidondoshe "for". "She is running the county" ni kwamba tayari ni gavana. "She is running for governor" ni kwamba bado anaomba kura.

"Running mate" ni mwenza wa kukimbia?

Ni mgombea mwenza, na neno lilitoka kwenye mbio za farasi. Tajiri mwenye farasi wawili aliweza kuwaingiza wote mbioni, mmoja akiwa wa kumwekea mwendo yule aliyetegemewa kushinda. Huyo msindikizaji ndiye "running mate". Wagombea wenza wengi wangekataa asili hiyo, lakini ndiyo iliyopo.

Na "front-runner"?

Hapa michezo na siasa vimeachana kidogo. Riadhani ni mkimbiaji anayetoka mbele tangu mwanzo na kukataa kupitwa. Filbert Bayi wa Tanzania ndiye mfano ninaoutumia darasani: Christchurch, 1974, mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Kwenye siasa "front-runner" ni yule anayetajwa kuwa na nafasi kubwa ya kushinda, ambaye pengine hajawahi kukimbia hata kuwahi basi.

"Run-off" ni nini, mbona naiona kwenye uchaguzi na kwenye kilimo?

Kwenye uchaguzi ni duru ya pili. Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, mgombea urais asipopata zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, uchaguzi unarudiwa. Kwenye kilimo ni maji ya mvua yasiyozama ardhini, yakatiririka juu na kuondoka na udongo wako wa rutuba. Matumizi hayo mawili yanafanana kimaandishi tu.

Gazeti limeandika "a run on the bank". Wezi?

Hapana, wateja. Ni pale watu wengi wanapopoteza imani na benki kwa wakati mmoja na kuikimbilia watoe fedha zao. Kwa kuwa hakuna benki inayoweka fedha zote za wateja sandukuni, hofu yenyewe inaweza kuiangusha. Septemba 2007 foleni za namna hiyo zilionekana nje ya matawi ya Northern Rock huko Uingereza. Machi 2023 hapakuwa na haja ya foleni: wateja wa Silicon Valley Bank, Marekani, waliomba kutoa dola bilioni 42 ndani ya siku moja, wengi wakiwa wamekaa na simu zao.

Angalia tu kwamba hapa Kiswahili hakisemi kukimbia benki. Ni kuikimbilia. Herufi mbili hizo zinageuza mwelekeo wote, na jibu linalofuata linaeleza kwa nini.

## Vijineno vinavyofuata: out, into, over, down

Kwa nini maana inabadilika kabisa nikiongeza neno dogo mbele?

Kwa sababu neno hilo dogo linafanya kazi ambayo kwetu inafanywa na mnyambuliko. Sisi tunavuta mwisho wa kitenzi: kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana. Kiingereza hakina mkia wa kuvuta, kwa hiyo kinabandika kijineno: "run from", "run to", "run after". Ukishaona hivyo, hutahifadhi tena "run after" kama kitu kigeni. Ni kukimbiza.

"The sugar has run out" na "We have run out of sugar" zina tofauti gani?

Ni tofauti ileile ya "sukari imekwisha" na "tumeishiwa sukari". Sentensi ya kwanza inaitazama sukari, ya pili inatutazama sisi wenye shida. Sisi tumetumia isha na ishiwa, wao wamechomeka "of". Kosa ninalosahihisha kila wiki ni "We have run out sugar". Hiyo "of" ndiyo "-iwa" yao. Ukiiacha, umesema "tumeisha sukari".

"I ran into my teacher." Nilimgonga au nilikutana naye?

Kwa kawaida ulikutana naye bila kutarajia. Kama ulikuwa kwenye pikipiki, msikilizaji atasita. Ukitaka kuondoa shaka, kugonga mtu na kumpitia juu ni "run over", na kumgonga akaanguka ni "run down" au "knock down". Sentensi ya ajali, "she was run over by a motorbike", hutumika hivi kwa umbo la kutendwa, sawa na aligongwa.

"Run down" mbona ina maana nyingi zinazopingana?

Hazipingani, zote zinateremka. Betri iliyo-run down imeisha chaji. Nyumba "run-down" imechakaa. Mtu anayesema "I feel run down" amechoka mwili mzima, anahitaji kulala. Anayekusema vibaya kwa watu "is running you down". Kushuka ndiko kunakoziunganisha.

Vijineno vingine?

Kwa haraka. "Run away": kutoroka. "Run up a debt": kulimbikiza deni mpaka kwa mwenye duka unapita kwa kuzunguka. "Run through": kupitia haraka, kama hotuba kabla ya kupanda jukwaani. "Run it by me": nieleze kwanza nitoe maoni. "Run short": kupungukiwa, bado kipo, tofauti na "run out". "Run aground": chombo kukwama kwenye mchanga au kupanda mwamba. Watu wa pwani wana pia kupwelewa, pale maji yanapokupwa na kukuacha nchi kavu, na hiyo Kiingereza kinaihitajia sentensi nzima.

## Ikiwa nomino

"A run" ni mbio?

Mara nyingi, ndiyo: "I went for a run", nilitoka kukimbia. Kwenye kriketi ni mkimbio, alama inayohesabiwa wapigaji wakibadilishana nafasi. "A chicken run" ni uzio wa kuku kutembea, hakuna mashindano. "A run of bad luck" ni mikosi iliyofuatana, na humohumo kuna "three days running", siku tatu mfululizo. "On the run" ni kujificha polisi. "In the long run" ni mwisho wa yote, baada ya muda mrefu. "A dry run" ni jaribio kabla ya siku yenyewe.

"Runner" ni mkimbiaji au mkimbizi?

Mkimbiaji. Mkimbizi ni "refugee", na Kiingereza hakikulitoa neno hilo kwenye "run" hata kidogo. Sisi tumewaweka medani na mpakani kwenye mzizi mmoja, tukawatenganisha kwa silabi ya mwisho. Mwanafunzi aliyeandika insha kuhusu "runners from Congo" alimshangaza mwalimu wake, aliyetarajia kusoma habari za riadha. Aliyetoroka ni "runaway", na aliyeshika nafasi ya pili ni "runner-up".

## Maswali ya pembeni

Kipchoge "ran 1:59:40" — mbona hakuna "in"?

Wanariadha na watangazaji hufanya muda au umbali kuwa yambwa: "ran 1:59:40", "ran 10 kilometres". Ukiweka "in" kabla ya muda hujakosea. Kwa Kiswahili "kwa" haikwepeki: Oktoba 2019 mjini Vienna Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

"Run amok" ni kukimbia kwenda Amok?

Si mahali. "Amok" ni neno la Kimalay la mtu aliyepandwa na ghadhabu akashambulia ovyo. Leo hutumika hata kwa watoto waliochachamaa sherehe za harusi.

"My aunt runs the Kilimanjaro Marathon." Anakimbia au anaandaa?

Sentensi yenyewe haisemi. Shangazi anaweza kuwa barabarani Moshi na namba kifuani, au kwenye hema akigombana na waleta maji. Ukitaka kukwepa, sema "runs in" kwa mshiriki na "organises" kwa mwandaaji. Nilipompa mwanafunzi mmoja sentensi hii aitafsiri, aliandika "Shangazi ni mtu wa Kilimanjaro Marathoni", nami nikampa alama zote.